Nani Analipa Sauti? Historia Fupi ya Matangazo Kwetu Likasi



Mwaka jana niliuza sauti yangu kwa dola 40. Ninaanza na hilo kwa sababu bila hilo nisingeandika haya.

Wengi wenu mnajua nina ukurasa mdogo ambamo ninasimulia kwa Kiswahili historia ya mitaa yetu: Kikula, Panda, Shituru. Niliuanza nilipomaliza masomo ya historia, nikiwa nyumbani, barua za kuomba kazi zinaenda na majibu hayarudi. Watu waliupenda. Wazee walinisimamisha njiani kuniambia kwamba ile ya jana nilisema kweli. Kisha siku moja mtu akanipigia simu. Kuna kompani, akasema, inapokea pesa ya watu na kuirudisha mara mbili kisha siku 30. Walikuwa wanatafuta kijana aliyesoma, anayeaminiwa, asome tangazo la dakika moja kwa Kiswahili cha kwetu. Nilisoma. Sikuuliza kitu.

Mama mmoja jirani yetu anauza unga sokoni. Alisikia tangazo, akaweka dola 150, pesa ya masomo ya watoto wake. Mwezi ulipoisha, simu za ile kompani zilikuwa zimefungwa. Yule mama hakunitukana. Alikuja paka kuniambia, tena kwa upole: "Mwana, mi sikuyua bale batu. Niliyua paka weye."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua kama niliyoyafanya ni mambo mapya ya simu na intaneti. Kumbe si mapya hata kidogo. Nimekuta kwamba toka zamani tangazo haliuzi kwanza kitu. Linaanza kwa kukodisha imani ambayo watu wanayo tayari kwa mtu mwingine, halafu juu ya imani hiyo ndipo linaweka bidhaa. Mji wetu umeona jambo hilo kwa miaka mia moja.

1. Jiwe letu na jina la Curie

Tuanze karibu, Shinkolobwe, karibu kilomita 20 toka hapa. Madini ya pale yalijulikana na Wazungu mwaka 1915. Kuanzia 1922 Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kiwanda huko Olen, Ubelgiji, cha kutoa radiumu ndani ya mawe yetu. Miaka ile radiumu ilikuwa kitu cha ajabu na cha bei kali sana. Gramu moja ilikuwa mali. Na kwa miaka mingi radiumu nyingi ya duniani ilitoka katika kilima hiki cha kwetu.

Radiumu ilikuwa na kazi hospitalini, katika kutibu kansa. Lakini wafanyabiashara waliona kwamba neno lenyewe linang'aa. Miaka ya 1930 huko Ufaransa ilitokea pomade ya uso inayoitwa Tho-Radia. Ndani yake waliweka toriumu na radiumu. Picha yake ya tangazo inajulikana mpaka leo: mwanamke, uso wake unamulikwa toka chini, kama vile ngozi yenyewe inatoa mwanga. Na kando yake jina la daktari: Alfred Curie.

Jina hilo ndilo lililobeba mzigo wote. Huyu Alfred Curie hakuwa ndugu wa Pierre na Marie Curie, wale waliogundua radiumu. Lakini mama wa Paris aliyesoma "daktari Curie" hakuuliza ni Curie gani. Imani aliyokuwa nayo kwa Marie Curie, mwanamke mwenye tuzo mbili za Nobel, ilihamishwa kimyakimya juu ya chupa ya pomade. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934, kwa ugonjwa wa damu ambao unahusishwa na miale ya vitu alivyovishika maisha yake yote.

Na angalia upande wa pili. Jiwe hilo lilipokuwa pomade, picha zilipigwa kila mahali. Lilipokuwa bomu, palikuwa kimya. Uraniamu nyingi ya mabomu ya kwanza ya Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, na kabla ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, kazi hiyo ilifichwa kabisa. Wababu zetu walichimba na kubeba bila kuambiwa wanabeba nini. Kwa hiyo nikajifunza swali la kwanza: nani anasema? Na la pili linakuja nyuma yake: ni nini ambacho hakisemwi?

2. Gazeti la baba

Wale waliokulia katika kambi za wafanyakazi wanajua jina Mwana Shaba. Ni gazeti ambalo Union Minière ilianza kulitoa mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Kompani ilipochukuliwa na serikali mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, gazeti liliendelea.

Ili kuelewa gazeti hilo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadilisha siasa yake ya kazi. Mbele ya hapo walichukua wanaume toka mbali, wakatumika miezi, wakarudi kwao au wakafa. Sasa kompani ilitaka mtu akae, aoe, azae watoto ambao nao watakuwa wafanyakazi. Ikatoa nyumba, posho, shule, hospitali. Kompani ikawa baba. Lakini baba huyo alikuwa na fimbo. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara. Tarehe 9 ya mwezi ule, huko Elisabethville, askari walifyatua risasi juu ya watu waliokusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, alikuwa kati ya waliokufa.

Miaka 16 nyuma ya siku hiyo ndipo gazeti likaja. Soma jina lake polepole: Mwana Shaba, mtoto wa shaba. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umeshaambiwa wewe ni nani na baba yako ni nani. Kwa maoni yangu hilo ni tangazo la nguvu kuliko kibao chochote cha bia. Bia inakuambia unywe. Jina hili linakuambia uwe.

Sisemi watu walidanganywa tu. Nyanya yangu anasema posho ilikuwa unga wa kweli, na hospitali ilikuwa na dawa. Watu walijivuna kuona picha ya mtu wa mtaa wao gazetini. Shida ilionekana baba alipoanguka. Mwaka 2003 Gécamines, kwa mpango uliolipwa na Benki ya Dunia, iliachisha kazi zaidi ya watu 10,000, wakaita jambo hilo kuondoka kwa mapenzi ya mtu mwenyewe. Hebu sikia hilo neno: mapenzi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Iniversite ya Lubumbashi aliandika kitabu mwaka 2001, hata mbele ya mpango huo, ambacho kichwa chake maana yake ni Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina ambalo gazeti lilikuwa limewapa ndilo lililobaki kueleza uchungu wao.

3. Gitaa ya Mwenda na kidonge cha Aspro

Hapa nafika kwenye mtu ninayempenda katika historia hii. Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 alikuwa hapa kwetu, wakati mji ungali unaitwa Jadotville. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alimkuta akipiga gitaa njiani. Walirekodi. Wimbo Masanga ulitoka kwenye sahani za Gallotone, kompani ya Afrika ya Kusini, na mwaka huohuo ukapata tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Afrika. Kijana wa vidole viwili na gitaa moja, ambayo unaposikia unafikiri ni watu watatu wanapiga.

Wakati uleule redio ilikuwa inashuka kwa watu wadogo. Upande wa pili wa mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949 walianza kuuza redio ya betri ya bei ndogo, pauni 5, yenye umbo la sufuria. Gazeti linataka mtu anayesoma. Redio inataka masikio tu. Na kompani za biashara zikaelewa haraka: kama masikio ya watu wote yamefunguka, ni sauti gani itaingia humo bila kufukuzwa?

Mwaka 1959 Mwenda alifika Nairobi akiwa analipwa na Aspro. Aspro ni kidonge cha kichwa. Historia yake nayo ni ya jina: wakati wa Vita Kuu ya kwanza aspirini ya Bayer, ya Wajerumani, haikuweza kufika Australia, basi mfamasia George Nicholas wa Melbourne akatengeneza dawa ileile, na mwaka 1917 akaiita Aspro. Dawa moja, jina lingine. Mtu anayeuza kitu ambacho wengine wanacho tayari hana njia: lazima auze jina. Na ili jina liingie masikioni mwa Wakenya, wakatafuta sauti ambayo Wakenya waliipenda tayari. Sauti hiyo ilitoka Jadotville.

Nilipofika hapo katika kusoma, niliogopa. Nilijiuliza kama Mwenda alifanya kama miye.

Nimefikiri sana, na jibu langu ni hapana. Kwanza, kidonge kinatuliza kichwa kweli. Aliyenunua hakuibiwa. Pili, Aspro haikujificha. Kila mtu alijua kwamba muziki huu unaletwa na kidonge hiki. Msikilizaji aliweza kuchukua gitaa na kuacha kidonge. Na ndivyo wengi walivyofanya! Wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi kile walijifunza kwa kumsikiliza Mwenda. Kidonge kililipa safari, lakini kilichobaki Kenya ni muziki. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la Newport, tamasha kubwa la muziki Marekani, na huko watu walikuja kwa ajili ya vidole vyake.

Njo maana sitaki mtu aniambie kwamba matangazo yote ni uongo. Pesa ya tangazo imelisha wasanii, imelipa magazeti, imefikisha nyimbo mahali ambapo hazingefika. Tofauti iko katika mambo mawili: kitu kinachouzwa ni cha kweli au hapana, na anayelipa anaonekana au amejificha.

4. Uso katika mawingu

Wazazi wetu waliona kitu kingine tena. Wakati wa Zaire, jimbo letu likiitwa Shaba, habari za jioni kwenye televizyo ya taifa zilianza na uso wa Mobutu ukishuka toka mawinguni. Hakuna bidhaa, hakuna bei. Baba yangu anasema watoto wa mtaa walikusanyika kwenye nyumba yenye televizyo, na mawingu yalipotokea walinyamaza bila kuambiwa. Matangazo ya biashara yanakodisha imani. Haya hayakukodisha. Yaliidai, kila siku, saa ileile.

Lakini watu hawakukaa kimya. Mwaka 1965 huko Elisabethville, André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi, aliandika historia ya mji kwa Kiswahili chao wenyewe, kile cha jikoni na cha njiani. Hakuna kompani iliyolipa, hakuna mhariri aliyesahihisha. Na miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yote katika picha mia moja na moja na kuzisimulia kwa Kiswahili. Hawa hawakuwa na redio. Walikuwa na kalamu, rangi na magunia ya unga ya kuchorea. Leo wataalamu wa dunia wanasoma kazi hizo ili kutujua sisi.

5. Jiwe linalorushwa

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na nyuma ya hapo magazeti, redio na televizyo za watu binafsi zilianza kuota kila mahali. Uhuru ulikuja, lakini mishahara ya waandishi haikuja nao. Basi pesa ikatafuta njia nyingine. Katika muziki wa Kinshasa tunaijua: libanga, maana yake jiwe. Unamlipa mwanamuziki, naye anarusha jina lako katikati ya wimbo. Kompani za bia zikaingia pia, Werrason akisimama na Primus, JB Mpiana na Skol, mpaka ugomvi wa wanamuziki ukawa ugomvi wa chupa. Kwetu kuta za baa zinabeba Simba na Tembo, na kuta nyingine zinabadilika rangi kila mara kompani ya simu inapobadilisha jina: Celtel, Zain, Airtel, ukuta uleule.

Hayo yote bado yanaonekana kwa macho. Ukuta hauwezi kukudanganya kwamba si tangazo. Shida yetu sisi vijana imeanza pale tangazo lilipoacha ukuta na kuingia ndani ya simu, likavaa sauti ya rafiki. Halisemi tena "kompani fulani inakualika". Linasema "mi mwenyewe nilijaribu, ndugu, jaribu nawe". Mwenda aliimba, na watu waliijua Aspro. Miye nilisoma, na yule mama hakuona kompani. Aliona paka mtoto wa jirani mwenye diplome.

6. Bei ya diplome

Hapa ninaongea nasi wenyewe. Wengi wetu hatuna kazi. Lakini kitu kimoja tunacho, na wenye pesa wamekiona mbele yetu: mtaani watu wanatuamini. "Huyu alisoma." Mama anayeuza unga alilipa masomo ya watoto wa majirani kwa kuwakopesha chakula, kwa kuwaombea, kwa kuwaita profesa wakiwa bado na viatu vilivyotoboka. Imani hiyo si yetu peke yetu. Mtaa wote umechangia. Ndiyo sababu hatuna haki ya kuikodisha kwa dola 40 bila kuuliza.

Sisemi tukatae kazi ya matangazo. Mtu lazima ale. Ninasema tuwe na maswali matatu mbele ya kufungua kinywa: Nani analipa? Kitu chenyewe kinafanya kile ninachosema? Na ni nini ambacho ninaombwa nisikiseme? Yule aliyenipigia simu hangeweza kujibu hata moja. Na kama tunalipwa, tuandike wazi: nimelipwa. Neno moja tu. Redio Okapi ilipoanza mwaka 2002, watu walijua kwamba nyuma yake kuna Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi. Kujua hivyo hakukuwazuia kuisikiliza. Kunawasaidia kupima.

Yule mama nimemrudishia mpaka leo dola 70 kati ya 150. Ninaendelea kila mwezi, pesa ndogondogo. Mtoto wake mkubwa alikosa miezi mitatu ya shule, na hiyo siwezi kuirudisha. Niliweka video kwenye ukurasa wangu kueleza kilichotokea. Watu wengine waliacha kunifuata. Wengine waliandika kwamba nao walipoteza pesa kwa sauti za watu waliowajua.

Ninapendekeza kwa chama mambo mawili. La kwanza: yeyote kati yetu anayeweka tangazo la kulipwa kwenye kundi letu aseme kwamba amelipwa, na aseme na nani. La pili ni la historia. Katika nyumba nyingi za Panda na Shituru bado kuna nakala za Mwana Shaba chini ya kitanda au ndani ya sanduku la babu. Zinaliwa na mchwa. Ulizeni wazee, pigeni picha kurasa, andikeni pia wanachokumbuka ambacho gazeti halikusema. Tuzikusanye hapa. Tukiona namna baba zetu walivyoongeleshwa, labda tutasikia vizuri namna sisi tunavyoongeleshwa leo.

Mwenye nakala moja tayari aandike hapa chini. Msinionee huruma, mnisahihishe.